Zamu ya Obeid Kusema

Asubuhi za Iyunga zina baridi kali, na Sekela alikuwa amezoea kuamka wakati ukungu bado umetanda juu ya mapaa. Aliwasha moto, akabandika sufuria ya uji, kisha akaenda kumwamsha Obeid, mdogo wake wa miaka minne. Wakati huo mama yao, Evarista, alikuwa uani akichambua viazi. Vikubwa alivipanga kwenye ndoo za kuuza kando ya barabara kuu, na vilivyochubuka aliviweka pembeni kwa chakula cha nyumbani. Baba yao, Jailos, alikuwa Ubaruku akiendesha mashine ya kuvuna mpunga. Hurudi nyumbani msimu unapokwisha.

Obeid alikuwa mtoto mwenye afya na mbio za swala, lakini maneno hakuwa nayo. Kila kitu kikubwa alikiita "tata", kiwe ng'ombe au lori. Vingine vyote alivionyesha kwa kidole. Akinyoosha kidole kwenye kabati, Sekela alimpa kikombe. Akikunja uso na kuvuta sketi ya dada yake, Sekela alijua sweta linamwasha shingoni. Hata kabla hajanyoosha kidole, mara nyingi Sekela alishajua.

"Wewe na huyu mtoto mna simu yenu ya ndani kwa ndani," mama alipenda kusema, na Sekela alitabasamu. Alikuwa darasa la sita, hakuwa mtu wa kushika nafasi za juu darasani, lakini katika jambo hili hakuna aliyemfikia. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa Obeid.

Asubuhi hiyo, kama kawaida, alimshika mkono wakatembea pembezoni mwa barabara hadi chekechea ya kanisa, iliyokuwa jirani na shule yake. Mlangoni alisimama Mwalimu Alinanuswe, msichana mrefu aliyekuwa mwalimu msaidizi. Kazi hiyo alikuwa ameianza mwaka ule ule.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Sekela. Obeid, hujambo?"

Obeid alitazama viatu vyake.

"Hajambo, mwalimu," Sekela akajibu. "Anasema leo hataki kukaa karibu na dirisha, anasikia baridi. Na uji amekunywa kidogo tu, kwa hiyo atasikia njaa mapema."

Mwalimu Alinanuswe akaitikia kwa kichwa, akampokea mtoto. Sekela akakimbilia shuleni kwake, roho yake imetulia.

Mchana aliporudi kumchukua, alikuta watu wamekusanyika uwanjani. Mtoto mmoja, Marcelino, alikuwa analia kwa kwikwi huku mama yake akimpuliza mkono. Juu ya kiwiko chake kulikuwa na alama za meno, nyekundu na zilizopangika kama mshono. Obeid alikuwa kwenye kona ya darasa, ameuelekea ukuta, mabega yakipanda na kushuka.

"Si mara ya kwanza!" mama yake Marcelino alisema kwa hasira. "Juzi alimsukuma mwanangu, leo amemng'ata. Kesho atamfanya nini?"

Mwalimu Gloria, mkuu wa chekechea, aliona Sekela amefika. Kabla hajasema neno, Sekela alikuwa ameshaanza.

"Marcelino ndiye aliyeanza, mwalimu! Alimtukana Obeid. Akamwambia hana akili, ni bubu. Ndiyo maana Obeid akakasirika."

Mwalimu Alinanuswe alimtazama Sekela, akasema taratibu, "Sekela, mimi nilikuwepo. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Walikuwa wanagombea tairi la kuchezea. Wewe umeyajuaje hayo?"

Sekela alihisi masikio yake yanapata moto. Ni kweli, hakuyajua. Aliyatunga pale pale, kwa mazoea ya kusema kila kitu ambacho Obeid hakuweza kusema. Ila safari hii alikuwa amesema uongo, tena mbele ya watu wazima.

Mwalimu Gloria alimwita mama yao kutoka kwenye viazi vyake. Hakufoka. Alisema tu kwamba ana watoto wengi wa kulinda, na kwamba jambo hili likijirudia, itabidi Obeid abaki nyumbani hadi akue kidogo. Mama aliomba radhi kwa mama yake Marcelino, akambeba Obeid mgongoni, akaondoka. Walipofika nyumbani, alichukua fimbo, akaiangalia, akaitupa nyuma ya nyumba. Kisha akaketi juu ya gunia na kujifunika uso kwa kitenge.

"Nimekosea wapi?" alisema. "Waliniambia niache kumsemesha Kinyakyusa, kwamba lugha mbili zinamchanganya. Nikaacha. Kiswahili changu chenyewe ni cha sokoni. Sasa simwambii kitu zaidi ya acha, kaa, njoo, toka. Na bado hasemi."

Sekela alimwona mama yake kama ambavyo hakuwahi kumwona. Kumbe yule mama mcheshi, anayewachekesha wateja wote barabarani, alipokuwa na Obeid alikuwa mkimya kwa sababu ya hofu.

Wiki iliyofuata, chekechea iliitisha semina. Mwalimu Gloria alikuwa amemwalika mtaalamu wa lugha za watoto kutoka Iringa, aje azungumze na wazazi na walimu wasaidizi. Mama alitaka kukwepa. "Nitakaaje mbele ya mama yake Marcelino?" alisema. Lakini Sekela alimbembeleza, na hatimaye wakaenda wote watatu.

Mtaalamu huyo aliitwa Mwalimu Veneranda. Alitokea mtaa wa Mlandege, huko huko Iringa, na alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, aliyevua viatu na kukaa mkekani na watoto kabla hata ya kusalimia wakubwa vizuri. Alikuja na kikapu chenye vitu vya kawaida kabisa: vifuniko vya chupa, vijiko, magari yaliyotengenezwa kwa mabua, na mpira wa matambara. Obeid alimsogelea. Mwalimu Veneranda akainua gari la mabua.

"Unataka gari, au unataka mpira?"

"Anataka gari," Sekela akasema.

"Ahaa. Na jina lako nani, baba?"

"Anaitwa Obeid."

"Obeid, gari lako linakwenda wapi?"

"Anapenda malori, mwalimu. Akiona lori lolote anadhani baba anarudi nalo."

Mwalimu Veneranda akamgeukia Sekela. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomchoma Sekela zaidi.

"Obeid ana msemaji hodari kuliko wote niliowahi kukutana nao," alisema. "Nakupongeza, mwanangu, unampenda mdogo wako. Lakini hebu nisaidie. Nimemuuliza maswali, na yote umeyajibu wewe. Yeye ataongea lini?"

Baadhi ya wazazi walicheka. Sekela aliinamisha kichwa. Alikumbuka uongo wake wa siku ile, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mdomo aliojivunia ulikuwa umeuziba mdomo wa mwingine.

Mwalimu Veneranda aliwaambia wazazi kwamba mtoto aliyechelewa kusema apelekwe kwanza hospitali akapimwe masikio, maana asiyesikia vizuri hawezi kuyapata maneno. Kisha mama akanyoosha mkono, akauliza kwa aibu kuhusu Kinyakyusa.

"Nani alikukataza?" Mwalimu Veneranda akauliza. "Mimi nimekuzwa na Kihehe, na Kiswahili nimekijulia shuleni. Msemeshe mtoto kwa lugha inayokutoka moyoni. Lugha mbili hazimdhuru. Kinachomdhuru ni kukosa wa kuzungumza naye. Unapochambua viazi, mwambie: hiki kikubwa, hiki kidogo, hiki kimeoza, tupa! Ukimuuliza kitu, subiri. Usimkimbilie. Hesabu moyoni taratibu, umtazame kama mtu anayetarajia jibu zuri. Akisema neno moja, mrudishie mawili."

Mwalimu Alinanuswe naye aliuliza lake. "Mimi huwa namweka kwenye kona akimng'ata mwenzake. Anatulia, lakini kesho anarudia."

"Kwa sababu kona haina neno la kumfundisha," Mwalimu Veneranda alisema. "Anang'ata kwa kuwa hana namna nyingine ya kusema 'zamu yangu'. Mzuie, mlinde mwenzake, halafu mpe hilo neno. Usimwambie 'acha kusukuma' tu. Mwambie afanye nini. Na akifanya vizuri, mtajie alichofanya vizuri, siyo kusema 'hongera' peke yake."

Njiani kurudi nyumbani mama alikuwa tayari ameanza. Alimwonyesha Obeid malori, punda wa mkokoteni, mawingu juu ya Mlima Loleza, akipiga Kinyakyusa kile cha haraka, cha kuimba. Obeid alimkodolea macho mama yake njia nzima.

Hospitalini daktari alimwangalia masikio, akatoa nta iliyokuwa imejaa, akasema mtoto anasikia vizuri. Hapo kazi ikaanza, na haikuwa rahisi hata kidogo.

Siku ya kwanza Obeid alinyoosha kidole kwenye mtungi wa maji. Sekela alichuchumaa hadi macho yao yakawa sawa. "Unataka nini, Obeid? Maji? Amisi?" akarudia kwa Kinyakyusa. Akasubiri. Obeid akanyoosha kidole tena, kwa nguvu zaidi. Sekela akasubiri. Obeid akajitupa chini na kupiga mayowe hadi jirani akatokeza kichwa juu ya ua.

"Jamani, mbona mnamtesa mtoto na maji?"

Sekela alishindwa. Alimpa kikombe, akaenda kukaa nyuma ya nyumba huku akitokwa na machozi. Kumbe kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema.

Mama alimfuata. "Si lazima asubiri mpaka akauke," alisema. "Mwalimu alisema tumpe nafasi, siyo tumnyime. Taja neno, subiri kidogo, halafu mpe huku unalitaja tena. Kesho utajaribu tena."

Basi wakajaribu tena, na tena. Uani, mama alichambua viazi na Obeid pembeni yake, akimpa kila kimoja jina. Sekela alijifunza kuuma midomo yake. Watu walipomuuliza Obeid swali, Sekela alitazama pembeni, akahesabu moyoni. Mara nyingi hakuna jibu lililokuja. Siku moja, jua likiwaka vizuri baada ya baridi ya asubuhi, Obeid alikuja kutoka kucheza, jasho likimtiririka, akasimama mbele ya mtungi. Hakunyoosha kidole.

"Amisi," alisema.

Mama aliangusha kiazi. Sekela alitaka kupiga kelele, akajizuia. "Amisi ya baridi!" alisema, akimpa kikombe. "Umesema unataka amisi, nimekusikia!"

Obeid akanywa yote, akanyoosha kikombe. "Amisi baridi."

Kule chekechea, Mwalimu Alinanuswe naye alikuwa na vita vyake. Alimfundisha Obeid kuweka kiganja kifuani na kusema "zamu yangu", akacheza naye mchezo huo kwa mpira, kwa kijiko, kwa kifuniko cha chupa. Watoto wengine wakaupenda, darasa zima likawa linapiga vifua. Lakini siku moja ya mvua, watoto wakiwa wamebanana ndani, Obeid alimrukia Marcelino mdomo wazi. Mwalimu aliwahi kupitisha mkono wake katikati. Meno yakatua juu ya kidole chake.

Hakuna mkubwa mwingine aliyeona. Angeweza kufunga kidole kitambaa na kunyamaza. Badala yake, watoto walipoondoka, alikwenda ofisini kwa Mwalimu Gloria, Sekela akiwa bado mlangoni na mdogo wake.

"Madam, Obeid ameng'ata leo. Amening'ata mimi," alisema, akionyesha kidole. "Sikukaa karibu nao ilhali nilijua wamebanana. Hilo ni kosa langu. Najua ulichosema. Lakini mwezi uliopita alikuwa hana neno hata moja hapa, na sasa anayo kadhaa. Nakuomba usimtoe. Nipe muda hadi mwisho wa muhula."

Mwalimu Gloria alikitazama kidole. "Ungenificha, ningemtoa," alisema. "Kwa kuwa umenieleza, tumpe muda."

Sekela alisikia kila neno. Alifikiria jinsi yeye alivyotunga uongo ili kumlinda Obeid, na jinsi mwalimu huyu alivyomlinda kwa kusema kweli. Kesho yake asubuhi, alimsubiri mama yake Marcelino langoni.

"Shikamoo, mama. Siku ile nilisema Marcelino alimtukana Obeid. Haikuwa kweli, niliyatunga. Naomba unisamehe."

Mama huyo alimwangalia kwa mshangao. "Marahaba, mwanangu," alisema mwishowe. "Yameisha. Si wengi wanaorudi kukiri kosa."

Mwisho wa muhula, wazazi walialikwa kuja kuona watoto wao wakicheza na kuimba. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, na baba alikuwa amerudi kutoka Ubaruku jana yake jioni, amechoka, vumbi limemganda hata kwenye nyusi. Alimkuta Obeid amelala, na asubuhi mtoto alimwonea haya. Kwa hiyo baba alikuwa bado hajasikia chochote. Alikaa kwenye benchi kati ya mama na Sekela, kofia yake magotini.

Watoto walitolewa uwanjani na vitu vyao vya kuchezea. Obeid alikimbilia lile tairi la pikipiki, akalisukuma kwa fimbo, akazunguka uwanja huku akinguruma kama lori. Kisha tairi likaanguka, na kabla hajaliinua, Marcelino alikuwa ameshalidaka na kuondoka nalo.

Obeid alisimama wima. Ngumi zikajikunja, kifua kikapanda, mdomo ukafunguka. Mama yake Marcelino akainuka kwenye benchi. Mama akashika mkono wa baba.

Sekela naye alikuwa ameshasimama. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwake: Marcelino, mrudishie! Obeid, usimng'ate! Mwalimu, njoo! Lakini alimwona Mwalimu Alinanuswe. Mwalimu alikuwa ameshasogea, amechuchumaa karibu kabisa na watoto hao wawili, mkono wake tayari katikati, na alikuwa kimya. Alimtazama Obeid kama mtu anayetarajia jibu zuri.

Sekela akafunga mdomo. Akaketi. Akahesabu moyoni, taratibu, na hakuna hesabu iliyowahi kumwia ndefu namna ile.

Obeid aliweka kiganja kifuani.

"Marcelino," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini uwanja mzima ulikuwa kimya. "Zamu yangu. Bado zamu yangu."

Marcelino alimtazama, akalitazama tairi. "Nizungushe kidogo tu?"

Obeid alifikiri. "Kidogo," alisema. "Halafu mimi."

Marcelino akazunguka mara moja, akarudi, akamkabidhi. Obeid akalipokea tairi lake, akaondoka nalo akinguruma.

"Obeid, umemwambia Marcelino kwa maneno, na ukamsubiri!" Mwalimu Alinanuswe alisema kwa sauti. "Na wewe Marcelino, umerudisha kama ulivyosema!"

Mama yake Marcelino ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wazazi wengine wakafuata. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, akisema "ndaga, ndaga", akimshukuru kila aliyekuwa karibu. Baba alijifuta uso kwa kofia yake, vumbi lote.

"Amesema," aliendelea kurudia. "Mwanangu amesema."

Baadaye Mwalimu Gloria alisimama mbele ya wazazi, akamwita Mwalimu Alinanuswe, na Sekela pia, wasimame kando yake. Sekela hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Wazazi wenzangu," Mwalimu Gloria alisema, "mmemwona Obeid. Lakini nilitaka muwaone na hawa. Mtoto huyu alipokuwa anang'ata, sisi wakubwa tulitafuta wa kumlaumu. Mama yake, dada yake na mwalimu wake walitafuta neno analolikosa, wakampa. Haikuwa kazi ya siku moja. Mwalimu huyu alisema ukweli ambao ungeweza kumtia matatani. Na dada huyu alijifunza jambo ambalo watu wengi wazima hatuliwezi. Kumsaidia mtoto siyo kumfanyia kila kitu. Ni kumfundisha, halafu kumwachia nafasi ajaribu, hata kama wewe ungelifanya haraka zaidi. Leo nilimwona Sekela akisimama, na nikamwona akiketi. Kuketi kule kumenifurahisha kuliko nyimbo zote."

Makofi yakapigwa tena. Sekela alimtafuta mama yake katikati ya watu. Mama alikuwa amenyoosha shingo kama mtu anayetaka kila mmoja ajue yule msichana ni wa nani.

Walipotoka, Obeid alikuja mbio, akasimama mbele ya baba yake. Haya ilikuwa imemtoka. Alimtazama juu, akamvuta suruali. Baba akamgeukia Sekela.

"Anataka nini huyu?"

Sekela alijua. Angeweza kusema palepale. Badala yake alitabasamu, kichwa juu.

"Muulize mwenyewe, baba. Atakuambia."

Baba alichuchumaa kando ya barabara, kofia mkononi, akamwangalia mwanawe machoni. "Unataka nini, Obeid?"

Wakasubiri, yeye, mama na Sekela. Lori lilipita, likaenda zake.

"Baba," Obeid alisema, "nibebe."